Nimelipia mara mbili kupimiwa sukari za mayai ya kichocho: tathmini ya huduma mbili

Ripoti ya maabara ya kwanza iliingia saa nne usiku. Nilikuwa bado ofisini, chini ya kilima cha Bugando, nasubiri mvua ya ziwani ikatike nipande daladala ya Nyegezi. Nikaifungua. Ukurasa wa tatu, mstari wa kwanza wa jedwali: protini ya yai la kichocho, na juu yake glaikani, yaani mnyororo wa sukari, yenye sukari iitwayo asidi ya sialiki.

Minyoo ya kichocho haitengenezi asidi ya sialiki. Mtu yeyote aliyekaa na sukari za mdudu huyu analijua hilo, kama mvuvi wa dagaa anavyojua kwamba usiku wa mbalamwezi karabai hazina kazi. Nilikuwa nimelipa karibu mshahara wangu wa miezi miwili kuambiwa jambo ambalo mdudu mwenyewe haliwezi.

Baadaye nilipeleka sampuli ileile kwa maabara ya pili, nikalipa tena. Zote mbili ziko nje ya nchi, zote zina mashine za familia ya Orbitrap, za kupimia uzito wa molekuli, zote zinapokea sampuli kwa posta. Majina siyataji. Kilichozitofautisha ni ukurasa mmoja ambao wengi wetu hatuombi kuuona, ule wa mipangilio ya skani, yaani namna mashine ilivyoamriwa kupima, na ndio nitakaoukalia hapa.

Kwanza mjue nilikuwa natafuta nini. Nafanya kazi na mayai ya Schistosoma mansoni, kichocho cha tumbo, kile cha ziwa letu. Yai likikosa njia ya kutoka na kinyesi hubebwa na damu mpaka kwenye ini na kukwama huko, na protini zake zilizovikwa sukari huuchokoza mwili ujenge uvimbe kulizunguka. Miaka ikienda ini linajaa makovu, damu inakosa pa kupita, mishipa ya umio inavimba na kupasuka. Mjomba wangu alikufa hivyo Ukerewe, akitapika damu kwenye beseni la bluu, na pale kijijini wakasema karogwa. Nilikuwa darasa la sita. Nikiwaambia kwamba nataka kujua ni sukari gani imeshika sehemu gani ya protini ile, mjue natokea wapi.

Protini mbili ndizo zilizonipeleka huko. Omega-1 ina sehemu mbili za kushikia sukari za aina ya N, zile zinazoshika kwenye asidi amino iitwayo asparajini, na matawi ya sukari hizo huishia na Lewis X, yaani sukari tatu zenye fukosi moja ndani yake. Kappa-5 ina sehemu nne. Zote mbili zina fukosi kwa wingi.

Mayai yalitoka kwenye maini ya panya wa maabara. Tulitoa protini, tukazikata kwa kimeng'enya cha tripsini kuwa vipande viitwavyo peptidi, kisha ikaja kazi ya kutenga glaikopeptidi, yaani peptidi zilizobeba sukari. Kwenye mchanganyiko huo glaikopeptidi ni chache, hazishiki chaji kwa urahisi kama peptidi tupu, na sehemu moja ya protini hubeba sukari za namna nyingi, hivyo ishara ambayo ingekuwa moja nene inagawanyika kuwa nyingi nyembamba. Usipozitenga, mashine itamaliza muda wake kwa peptidi tupu. Vifaa vya kutengea vya kuagiza ni ghali, na vikifika vinalala forodhani. Sisi tunatumia pamba. Mwaka 2011 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba pamba ya kawaida ikijazwa kwenye ncha ya pipeti hushika glaikopeptidi kukiwa na kiyeyushi cha asetonitraili kwa wingi, na huziachia ukiweka maji. Bibi yangu mzaa baba alilima pamba Magu. Nikisokota ule uzi wa nusu sentimita kwa vidole namkumbuka yeye na magunia yake.

Pamba unaisukuma kwa waya mpaka ikae imara bila kuziba. Unaiosha kwa maji, kisha kwa asetonitraili ya asilimia 85, halafu sampuli inapanda na kushuka ndani ya ncha mara ishirini, taratibu, kidole gumba kikianza kuuma. Peptidi tupu zinaondoka na asetonitraili ya kuoshea yenye tindikali kidogo. Mwisho maji safi, matone mawili matatu, na humo ndimo ilimo kazi ya miezi minne. Tulikausha kwenye sentrifuji ya ombwe, umeme ukakatika mara mbili, tukarudia mpaka pakakauka. Chini ya kichupa ulibaki utando mweupe: ukikiinamisha kuelekea dirishani unauona, ukikisimamisha unapotea. Sampuli ikishakauka hivyo inasafiri bila barafu kavu, na ukiwa Mwanza, ambako kuipata barafu kavu ni safari ya peke yake, hilo ni jambo kubwa.

Sasa maabara ya kwanza. Walikuwa wepesi, siku tisa tu tangu kifurushi kufika. Barua pepe zao zilikuwa za heshima, na bei haikubadilika njiani. Lakini fomu yao ilikuwa na kisanduku kimoja, utambuzi wa protini. Nikakitia alama, nikaandika pembeni "glaikopeptidi", nikaamini imetosha. Hakuna aliyeniuliza swali lolote.

Niliomba faili ghafi. Ilichukua siku nne wakubali, kisha nikaipakua kwa bando la usiku, gigabaiti moja na nusu. Daima iombeni. Faili ghafi za mashine hizi hubeba ndani yake mipangilio yote iliyotumika siku ile, na programu za kuifungulia zinapatikana bure. Nilipoifungua nikaona walichofanya: wameendesha sampuli yangu kwa mipangilio ileile wanayotumia kwa peptidi tupu.

Skani ya kwanza, ile inayopima ioni mama, yaani molekuli zenye chaji kabla hazijavunjwa, ilitoka 375 hadi 1500, namba za uzito uliogawanywa kwa chaji. Kwa peptidi tupu hapo pana nafasi ya kutosha. Ila chukueni peptidi ya daltoni 1,500, daltoni ikiwa kipimo cha uzito wa molekuli, na uivike glaikani ya omega-1: kiini cha sukari tano, fukosi mbili juu ya kiini, na matawi mawili ya Lewis X. Sukari peke yake ni daltoni 2,207, na jumla inafika 3,707. Ikipata chaji tatu itaonekana 1,237, sawa. Ikipata chaji mbili itaonekana 1,854, na mashine iliyoambiwa iishie 1500 haitajua kwamba ipo. Sukari zinaongeza uzito mwingi bila kuongeza chaji, kwa hiyo glaikopeptidi hupenda kukaa juu. Skani yangu sasa naiomba ianzie 400 na ifike 2000.

Skani ya pili, ile ya ioni vipande, walikuwa wameianzisha 150. Hili ndilo lililoniuma zaidi, maana kulirekebisha ni kubadilisha namba moja. Glaikopeptidi ikivunjwa kwa kugonganishwa na gesi, sukari zake hutoa ioni ndogo zinazojulikana, ioni za oksoniamu, na ndizo zinazokwambia kwamba uliyoikamata ni glaikopeptidi. Ile ya 204.087 ni N-asetiliheksosamini moja, mojawapo ya sukari hizo. Ya 366.140 ni hiyo pamoja na sukari nyingine, heksosi. Zipo pia za chini: 126.055, 138.055, 144.066. Hizi za chini zina kazi yake. Ukilinganisha 138 na 168 kwa upande mmoja, na 126 na 144 kwa upande wa pili, unaweza kutambua kama sukari iliyopo ni GlcNAc au GalNAc, aina mbili za N-asetiliheksosamini ambazo uzito wake ni sawa kabisa. Kwa kichocho, ambacho matawi yake mengi yana GalNAc, hiyo ni taarifa ya dhahabu. Ukianzia 150 umezikata tatu kati ya nne. Semeni skani ianzie 120, muiandike kwenye fomu kwa kalamu nene.

Nishati ya kuvunjia ioni waliyotumia ilikuwa moja, 30. Muda wa kukusanya ioni ulikuwa milisekunde 30 na uwezo wa kutenganisha ioni zenye uzito unaokaribiana 15,000.

Nikaenda kwenye skani iliyowapa asidi ya sialiki. Msichana wangu wa maabara, mwanafunzi wa shahada ya pili, alikuwa amesogeza kiti karibu. Tukaikuza. Ioni ya 204.087 imesimama kama mlingoti wa ngalawa. Ya 366.140 ipo. Ya 512.197, ambayo ni Lewis X, ni fupi lakini ipo. Nikasogeza mshale mpaka 274.092, mahali ambapo asidi ya sialiki ikiwepo haikosi kuacha alama. Patupu. Nikaenda 292.103. Patupu.

"Dada, labda ni uchafu wa panya," akaniambia.

Lilikuwa swali zuri. Damu ya panya ina asidi ya sialiki, ila nyingi ni ya aina ya Neu5Gc, na hiyo huacha alama 290.087 na 308.098. Tukaziangalia zote mbili. Patupu.

Basi asidi ya sialiki ilitoka wapi? Ilitoka kwenye hesabu. Fukosi mbili zina uzito wa 292.116. Asidi ya sialiki moja, Neu5Ac, ni 291.095. Tofauti yake ni 1.020. Sasa kila molekuli ina ndugu zake wenye kaboni nzito, wanaokaa 1.003 juu, na kwa molekuli kubwa kama glaikopeptidi ndugu huyo wa pili mara nyingi ni mrefu kuliko wa kwanza. Mashine hukosea ikamchagua yeye, na programu zinajua hivyo, kwa hiyo huruhusiwa kusahihisha kwa hatua moja. Ukiiruhusu programu ifanye hivyo, glaikopeptidi yenye fukosi mbili na ile yenye asidi ya sialiki zinakaribiana mpaka tofauti inabaki daltoni 0.017. Kwenye molekuli ya daltoni 3,707 hiyo ni sehemu 4.6 kwa milioni. Wao walikuwa wameweka dirisha la makosa la sehemu 10 kwa milioni. Fukosi mbili zangu zikapita mlangoni zimevaa jina la mtu mwingine, na hakuna aliyekagua ioni za oksoniamu kuuliza kitambulisho.

Nilipoona vile sikulala. Nilifikiria ni ripoti ngapi za namna hii zimekwenda kwa watu wasiokuwa na njia ya kuzikagua, zikawa sura ya nne ya tasnifu ya mtu.

Maabara ya pili nilielekezwa na mwenzangu wa chuoni. Kabla hawajanitumia bei walitaka tuzungumze kwa video. Mama mmoja mtu mzima, anayeendesha mashine mwenyewe, swali lake la kwanza lilikuwa: sukari zako ni za aina ya N au ya O? La pili: unataka kujua muundo wa sukari, au unataka kujua zimeshika wapi hasa? Tulizungumza dakika hamsini, mtandao ukikatika na kurudi, na hakunionyesha dalili ya kuchoka.

Maswali yale mawili ndiyo yanayoamua namna ya kuvunja, na hapo nina msimamo. Kuna njia ya HCD, kugonganisha ioni na gesi, na kuna EThcD, ambapo ioni hupewa elektroni ikavunjika uti wa peptidi huku sukari zikibaki zimeshika mahali pake, kisha ikagonganishwa kidogo. EThcD ina sifa nzuri, na kila mwenye mashine yenye uwezo huo anapenda kuiuza. Inakula muda, inataka ioni zenye chaji tatu au zaidi, na ioni zilizokaa juu sana hazivunjiki vizuri. Mwaka 2020 Nicholas Riley, Stacy Malaker na Carolyn Bertozzi, yule aliyeshiriki Nobeli ya kemia ya 2022, walizilinganisha njia hizi. Kwa sukari za aina ya N, HCD ya ngazi, yenye nishati zaidi ya moja, ilitosha na ikatoa utambuzi mwingi zaidi. Kwa sukari za aina ya O, bila EThcD hujui zimeshika wapi. Sababu inaeleweka. Sukari ya N hushika kwenye asparajini inayofuatwa na asidi amino yoyote isipokuwa prolini, halafu serini au threonini. Peptidi yangu ikiwa na mfuatano mmoja wa hivyo, mahali nimeshapajua kabla mashine haijawashwa. Aina ya O hushika kwenye serini au threonini yoyote, na peptidi moja inaweza kuwa nazo sita mfululizo.

Mama yule alipendekeza niongeze EThcD inayowashwa pale tu ioni za 138, 204 na 366 zinapoonekana. Ni mpango mzuri, na kwa sampuli za aina ya O ningeukubali bila kusita. Kwa hizi zangu nilimwomba muda ule autumie kuendesha sampuli mara ya pili. Akakubali, akaniambia angefanya hivyohivyo kama pesa ingekuwa yake.

HCD ya ngazi ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Ioni ileile inavunjwa kwa nishati tatu, 20, 30 na 40, na vipande vyote vinapimwa kwa pamoja katika skani moja. Nishati ya 20 inaangusha sukari moja moja kama mtu anayevua shanga, unabaki na peptidi iliyoshika mabaki ya sukari, na unahesabu hatua: 203 ya N-asetiliheksosamini, 146 ya fukosi, 162 ya heksosi. Nishati ya 40 inavunja peptidi yenyewe, unasoma jina lake. Kwa nishati moja ya 30, kwenye skani nyingi nilizofungua, nilipata nusu ya hili na nusu ya lile, na jina la peptidi likawa la kubahatisha.

Uwezo wa kutenganisha tuliuweka 30,000 kwenye skani ya pili na 120,000 kwenye ya kwanza, muda wa kukusanya ioni hadi milisekunde 250. Hapo kuna gharama, na aliniambia wazi: mzunguko mmoja una sekunde tatu, na skani za milisekunde 250 haziwezi kuzidi kumi na mbili humo. Utapata skani chache. Nikamwambia skani elfu nne zinazosomeka nazitaka kuliko elfu ishirini za ukungu. Kwa sampuli ambayo haijatengwa kwa pamba nisingesema hivyo. Huko ningeteremsha muda uwe 100, maana ioni mama ni nyingi na zinapita haraka.

Matokeo yalichukua wiki saba. Ni kasoro, na nilikuwa na ripoti ya ufadhili inanisubiri. Kasoro ya pili: kiungo cha faili ghafi kilikufa baada ya siku saba, na wiki ile intaneti yetu ilikuwa imelala, ikabidi niombe upya. Bei yao pia iko juu kwa karibu theluthi moja. Mtu wa Mwanza anayelipa mfukoni ataisikia.

Lakini mstari wa kwanza wa jedwali ulikuwa ule ule, peptidi ileile, na safari hii sukari zikasomeka: N-asetiliheksosamini nne, heksosi tano, fukosi nne. Asidi ya sialiki sifuri. Pembeni walikuwa wameambatisha picha ya skani, ioni ya 512.197 imetiwa duara, na ioni ya peptidi yenye N-asetiliheksosamini moja na fukosi moja, dalili ya fukosi ya kwenye kiini. Chini waliandika tahadhari ambayo niliipenda sana: fukosi huweza kuhama kutoka sukari moja kwenda nyingine wakati ioni inavunjwa, kwa hiyo 512 peke yake isichukuliwe kuwa ushahidi kamili wa tawi. Maabara inayokuandikia udhaifu wa jibu lake mwenyewe, mshike mkono.

Kazi ya kutafsiri skani niliirudia mwenyewe hapa kwa programu ya FragPipe, ambayo kwa utafiti wa vyuo haina malipo. Kompyuta yetu ilinguruma usiku kucha, asubuhi majibu yakakubaliana na yao kwenye sehemu zote mbili za omega-1 na kwenye sehemu tatu za kappa-5. Ya nne bado inanisumbua. Peptidi yake ni fupi mno baada ya tripsini, na nitajaribu kimeng'enya kingine.

Ya kwanza naipa nyota mbili, kwa wepesi na adabu. Kama una protini tupu na haraka, watakufaa. Ya pili naipa nne na nusu, na nusu iliyobaki ni ile ya wiki saba.

Boksi la tatu linaondoka Jumanne. Safari hii kuna sampuli mbili za aina ya O, kwa hiyo EThcD nimeilipia. Msichana wangu amefunga vichupa kwa pamba ile ile iliyobaki, na juu ya kifuniko, kabla ya jina langu na kabla ya anwani, ameandika kwa wino mwekundu: skani ianzie 120.